Rula Nyuma ya Pipa la Maji

Jumamosi, 8 Machi

Sajini ameniamuru ninunue daftari niandike kila siku. Si hadithi, amesema. Niandike nilimwambia mbwa nini, mbwa alifanya nini, na mimi nilifanya nini. Hicho cha tatu ndicho kirefu, akasema, na ndicho watu wanachokiruka.

Basi nianze. Mimi ni fundi cherehani, au niseme nusu fundi. Fundi mwenyewe ni dada yangu. Mimi nakata vitambaa, napiga pasi, na nashona mishono iliyonyooka. Chumba cha mbele ndilo duka, cha nyuma analala dada, na mimi nalala cha katikati pamoja na marobota ya vitambaa. Uani kuna pipa la maji, kamba ya nguo na mbwa wetu Bobini. Jina alipewa na dada. Alipokuwa mdogo alikwapua bobini ya cherehani akakimbia nayo, akauzungusha uzi wote kwenye miguu ya mteja aliyekuwa anajaribu suruali. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Siku tisa zilizopita dada alianguka kwenye ngazi ya uani akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Bobini alimrukia. Mwenye nyumba, ambaye anaishi upande wa pili wa ua huohuo, alisema mbwa aondoke siku ileile, maana wajukuu wake wanacheza pale. Dada ndiye aliyemsihi, plasta mbichi mkononi. Wakakubaliana hivi: mbwa afunzwe. Mvua zikiisha naye anatii, atabaki. Asipotii, mwenye nyumba atamwita daktari wa mifugo aje na sindano, na sisi hatutabisha.

Sajini ni mama mstaafu wa polisi aliyefanya kazi na mbwa maisha yake yote. Alikuja kubadilishwa zipu, akamkuta dada na plasta, akauliza, akasema nimlete mbwa uwanja wa mpira kila Jumamosi asubuhi.

Leo: nilimwambia "kaa" mara kumi, akakaa mara mbili. Nilimwambia "njoo" mara kumi, hakuja hata mara moja. Alisimama mwisho wa kamba akanitazama kama mtu anayesubiri basi lisilo lake. Sajini akaniuliza tangu lini haji akiitwa. Nikamwambia ni mkaidi tu, kazaliwa hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kutwa. Kaa: mara tatu. Njoo: hapana.

Jumatatu, 10 Machi

Dada ameitafuta rula ndefu ya mbao, ile ya kupimia kitambaa aliyoachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Ameinama chini ya meza, amenifanya nihamishe marobota yote. Nikamwambia labda kuna mteja kaazima. Akasema mteja gani aazime rula ndefu kama mlango? Nikajitia kuhesabu vifungo.

Jumanne, 11 Machi

Sasa kazi yote naishona mimi, na dada amekaa kwenye kiti kando yangu ananiongoza kwa mdomo. "Taratibu hapo. Kitambaa usikivute, kifuate." Bega la koti nililishona nikaona limetulia kabisa. Akalinyanyua, akalitazama kwenye mwanga, akachukua wembe kwa mkono wa kushoto, akalifumua lote. Bobini alikuwa kalala chini ya meza ya kukatia. Akainuka, akatoka zake mvuani. Sijui ana nini na wembe yule mbwa.

Jumamosi, 15 Machi

Tupo watatu darasani: mimi, mwalimu wa hesabu mwenye kimbwa cha manyoya kinachobweka hata kikiona kivuli chake, na mwenye bucha. Mbwa wa mwenye bucha ana adabu ya ajabu. Anakaa kabla hajaambiwa. Sajini akamzunguka bwana yule, akatia mkono mfukoni mwake, akatoa kipande cha ini.

"Huyu hakutii wewe," akamwambia. "Anatii suruali yako."

Tulicheka wote. Kisha akanigeukia mimi, akataka kujua Bobini akibweka getini nafanya nini. Nikasema namtupia mfupa anyamaze.

"Kwa hiyo akibweka analipwa."

"Ananyamaza, Sajini."

"Ananyamaza kwa sababu anatafuna. Kesho atabweka mapema zaidi. Fundi, mbwa hasikii unachotaka. Anaona kinachofuata baada ya alichofanya. Basi. Kila siku unamfundisha kitu, hata siku usiyojua kuwa unafundisha."

Maneno hayo nimekuja nayo hadi nyumbani na sijui niyaweke wapi.

Jumatano, 19 Machi

Dada anamwogopa Bobini. Sikuliona mpaka leo. Mbwa alikwenda akalala kwenye kizingiti cha chumba chake, alivyozoea miaka minne, na dada akaufunga mlango kwa mguu. Kupitia ubao nikamsikia anasema peke yake, "Nimekulea kwa kijiko mimi." Ni kweli. Tulimpata hajafumbua macho vizuri, dada akamnywesha maziwa kwa kijiko cha chai kila saa. Mimi nilisema atakufa.

Bobini hakuondoka kizingitini. Alilala pale na pua kwenye ufa wa chini ya mlango.

Alhamisi, 20 Machi

Kaa: saba kati ya kumi. Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Sajini ametangaza kwamba neno "njoo" limeharibika. Alimfungua Bobini kamba, akanisimamisha hatua ishirini, akasema niite. Nikaita. Bobini akarudi nyuma hatua tatu, masikio yamelala, halafu akajilamba pua. Sajini hakumwangalia mbwa. Aliniangalia mimi.

"Neno hili mbwa analijua vizuri sana," alisema. "Analijua kuliko unavyodhani. Tafuta jingine. Neno ambalo hujawahi kulisema una hasira."

Huwezi kuamini, nilisimama pale uwanjani dakika nzima natafuta. Haya? Nimelisema kwa hasira. Twende? Pia. Wewe? Hilo ndilo usiseme. Mwisho nikapata "karibu". Wateja wote tunawaambia karibu, na mteja hatumkaripii. Sajini akakubali.

Sasa shida ya "karibu" ni kwamba si Bobini peke yake anayeisikia. Nilipaza sauti, "Karibu!" na mama mmoja aliyekuwa anakatiza uwanja na kapu lake akaitika, "Ahsante, baba, nimeshapita!" Mwalimu wa hesabu alicheka hadi kimbwa chake kikaponyoka.

Nimecheka pia. Nilipofika nyumbani nikaenda uani kuchota maji, nikakumbuka, kicheko kikaniishia.

Jumatatu, 24 Machi

Karibu, hatua tano: alikuja mara sita! Kila akija nampa kipande kidogo cha mkate na kumkuna nyuma ya sikio. Sauti lazima iwe ya chini. Nimegundua siwezi kusema kwa sauti ya chini nikiwa nimekaza meno, kwa hiyo nalegeza meno kwanza.

Ijumaa, 28 Machi

Mteja wa suti ya kijivu amemwuliza dada, "Mdogo wako anaumwa? Mbona kapoa?" Dada akasema ni mbwa anamfundisha. Wamecheka. Ni kweli lakini. Nalala nimechoka vizuri, naamka mapema kwa ajili ya matembezi, na nimepitisha wiki nzima bila kumfokea mtu. Sikujua kwamba hilo linawezekana.

Ningefurahi zaidi kama ningestahili.

Jumamosi, 29 Machi

Karibu, hatua thelathini, mara kumi kati ya kumi. Alikuja anakimbia, masikio yanapepea, akakaa mbele yangu mwenyewe. Mwenye bucha alipiga makofi. Nikainama kumfunga kamba na macho yakaniwasha. Sajini aliona, akajifanya anafunga viatu.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku mbaya. Mwenye nyumba alikuja kutazama maendeleo. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, akaukunja mwavuli wake mrefu akaushika mkononi, akasimama katikati ya ua.

"Haya bwana mdogo, niitie huyo simba wako nione."

Bobini alikuwa karibu na kamba ya nguo. Akaona mwavuli. Akajibana chini mpaka tumbo likagusa tope, akajikojolea, na mwenye nyumba alipopiga hatua moja kumsogelea, akaonyesha meno.

"Umeona?" mzee akasema, si kwa ukali, kwa huzuni hasa. "Mbwa ana wazimu. Leo mkono wa dada yako, kesho uso wa mjukuu wangu. Mimi nimesema hadi mvua ziishe na sitavunja neno, lakini usijidanganye."

Dada alikuwa dirishani. Akasema, "Mzee ana haki." Kisha akalifunga.

Mimi nilifanya nini? Nilichukua ndoo nikasafisha tope, tope lenyewe halihitaji kusafishwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Sajini hukusanya madaftari mara moja kwa mwezi. Leo alilichukua langu akalisoma lote palepale, amesimama chini ya mwavuli, mimi nikimzungusha Bobini uwanjani. Sikumbuki kama niliwahi kuogopa mwalimu hivyo hata nilipokuwa shule. Nilisimulia habari za mwenye nyumba na ule mwavuli wake. Akauinua wa kwake taratibu, bado umefunguka, halafu akaukunja. Bobini akalala chini.

"Mbwa huyu anajua fimbo," alisema.

Nikasema labda watoto wa jirani.

Akanirudishia daftari. Nimelifungua nyumbani. Ameandika kwa kalamu nyekundu, chini ya ukurasa wa kwanza kabisa: *Umeandika siku dada alipoanguka mbwa alifanya nini. Wewe ulifanya nini?*

Jumapili, 6 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Karibu: kumi. Dada ameulizia tena rula.

Alhamisi, 10 Aprili

Wamemtoa dada plasta. Mkono umesinyaa, umekuwa wa mtu mwingine, na kifundo kimepona kikiwa kimekwenda upande kidogo. Daktari amesema afanye mazoezi, nguvu zitarudi, ila wepesi wa zamani asiuhesabu sana.

Lazima nieleze hili. Dada anajulikana kwa matundu ya vifungo. Mashine inatoboa tundu, ndiyo, lakini watu wa suti huja kutoka mbali awashonee kwa mkono, kwa uzi wa hariri, yale matundu yake yaliyojaa na kulala kama kope. Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alikaa, akachukua kipande cha kitambaa cheusi, akatunga uzi kwa meno, akaanza. Mishono mitano. Wa sita sindano ikamtoka vidoleni. Akaiokota. Ikamtoka. Mimi nilikuwa napiga pasi shati lililokwisha kupigwa pasi.

Mara ya nne hakuiokota. Akaiacha sakafuni, akaweka mkono ule mapajani na kuutazama, na machozi yakamtiririka bila sauti.

"Miaka ishirini na sita," alisema. "Halafu mnyama niliyemlea kwa kijiko. Kama ni gari lingenigonga ningesema basi. Nilimkosea nini yule mbwa, mdogo wangu? Niambie, wewe ulikuwepo. Nilimkanyaga?"

"Hukumkanyaga, dada."

Ndiyo yote niliyoweza kusema. Hukumkanyaga, dada. Nimekula nini leo sikumbuki.

Ijumaa, 11 Aprili

Ukurasa wa tarehe 27 Februari.

Asubuhi ile nilishona mikono ya koti la mteja wa suti ya kijivu. Dada aliitazama akasema imepinda, akaifumua mbele ya mteja mwenyewe. Hakunitukana. Dada hajawahi kunitukana. Alifumua tu, uzi baada ya uzi, akiwa anaongea na mteja habari nyingine. Nina miaka arobaini na mitatu. Nikatoka nje nimefura.

Uani nikakuta Bobini kalivuta pindo la shuka kwenye kamba ya nguo. Doa la tope la upana wa kidole kimoja, hakuna zaidi. Nikarudi ndani kimya, nikachukua ile rula ndefu, nikaificha nyuma ya mgongo, nikaita kwa sauti tamu, "Bobini, njoo."

Naandika hivi ili nisiruke: sauti tamu. Ndivyo nilivyokuwa nafanya. Kwa sababu zamani nilipomwita kwa ukali hakuja, nikavumbua ujanja wa kumwita kwa upole, na akija nampiga. Miezi mingi. Si kila siku. Nimekaa leo nikajaribu kukumbuka ni siku gani, na nimezikumbuka. Ni siku ambazo dada alifumua kazi yangu. Kila aliposhika wembe, Bobini akapata kosa. Mbwa alishalijua hilo kabla yangu. Ndiyo maana huinuka akatoka.

Siku ile hakuja. Alinitazama, akatazama mkono uliofichwa, akageuka akakimbia. Nikamfuata na rula juu. Akaona mlango wa nyuma uko wazi, akauelekea, na wakati huohuo dada anashuka ngazi kakumbatia mafungu ya vitambaa hadi kidevuni. Bobini hakumrukia. Alipita katikati ya miguu yake akinikimbia mimi. Nilisikia mfupa.

Kabla sijamwinua dada yangu, narudia, kabla sijamwinua, niliitupa rula nyuma ya pipa la maji. Halafu nikamwinamia, na alipouliza kwa sauti ndogo, "Ni nini?" nikasema, "Mbwa. Kakurukia, dada. Ana wazimu leo."

Rula bado iko pale. Kila ninapochota maji naiona. Imelowa mwezi na nusu, imejikunja kama upinde.

Hicho ndicho nilichofanya mimi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimempa Sajini daftari mwenyewe. Alisoma ukurasa ule mara mbili. Nilitegemea anifokee, na kusema kweli nilitaka anifokee, nitoke pale nimelipa.

"Hili si la kuniletea mimi," alisema.

"Nitamwambia, Sajini. Nasubiri apate nguvu kidogo."

"Nani apate nguvu?"

Bobini alikuwa amekaa kati yetu, anatazama juu, huku na huku, kama mtoto wa wazazi wanaonong'ona.

"Hata mimi nilipiga, nilipoanza kazi," akasema baadaye. "Tulifundishwa hivyo. Nilikuwa na mbwa mzuri kupita wote kikosini, anajua kila kitu, na nilipostaafu nikamwachia uwanjani, hakuja kuniaga. Alikaa pale alipoambiwa akae." Akapangusa mvua kwenye jalada la daftari kwa kiganja, akanirudishia. "Huyu wako bado anakuja. Usichezee bahati hiyo."

Nikamwuliza kama dada atanisamehe. Akasema dada yangu si mwanafunzi wake.

Jumapili, 13 Aprili

Sijasema.

Jumatatu, 14 Aprili

Sijasema. Mvua nyepesi.

Jumatano, 16 Aprili

Nilianza. Nikasema, "Dada, kuhusu siku ile," akasema, "Niache na siku ile," nikamshukuru moyoni kwa kuniruhusu kuwa mwoga.

Jumamosi, 19 Aprili

Darasani Bobini amelala chini na kusubiri dakika tano nzima huku kimbwa cha mwalimu kikimrukia kichwani. Sajini amempa alama zote. Hakunisemesha zaidi ya kazi. Mvua haikunyesha.

Jumanne, 22 Aprili

Jua. Mafundi wa paa wamepita mtaani wanatafuta kazi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mwenye nyumba alinisimamisha getini. Amenyenyekea, ameniuliza hali, ameulizia mkono wa dada. Kisha akasema mvua ni kama zimekwisha, hivyo Jumamosi atakuja kutazama mara ya mwisho, na kwamba ameshaongea na daktari wa mifugo, kwa tahadhari tu, atakuwa na nafasi Jumatatu. "Haumii," alinihakikishia. "Analala tu."

Bobini alikuwa kando yangu. Nilikuwa nimemwambia akae, naye amekaa, mgongo umenyooka, anasikiliza kwa heshima mambo ya kifo chake.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimesema.

Mchana baada ya chakula nilikwenda nyuma ya pipa, nikaitoa rula, nikaifuta. Nikasimama mlangoni kwa dada. Tunaishi nyumba moja tangu wazazi wafariki na sijawahi kumbishia dada hodi mlangoni, huwa napaza sauti tu. Leo nilisema, "Hodi."

Akaitika, "Karibu."

Alikuwa anakanda donge la kitambaa kwa mkono mbovu, mazoezi ya daktari. Akaiona rula kabla ya kuniona mimi. Akaipokea, akaijaribu mezani, ikayumba. "Ilikuwa wapi?" Nikamwambia. Nikamwambia yote, nimesimama, na pale nilipotaka kuruka nikasikia kalamu nyekundu ya Sajini, nikarudi nyuma nikasema. Sauti tamu nikaisema. Kabla sijakuinua nikaisema.

Hakulia. Aliuliza swali moja.

"Siku hizo ulizompiga, ni siku nilizofumua kazi yako?"

"Ndiyo, dada."

"Kumbe wembe wangu ulikuwa unafika mpaka uani," alisema. Akaendelea kulikanda lile donge, polepole. Halafu: "Miezi miwili nimemfungia mlango. Analala hapo chini namsikia anapumua, namfungia. Na wewe unapita hapo unatuona sote wawili."

"Nisamehe, dada."

"Toka."

Nikatoka. Bobini alikuwa kizingitini kama kawaida. Mlango haukufungwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Mwenye nyumba alikuja asubuhi, na mwavuli ingawa mbingu ni nyeupe. Nadhani hutembea nao tu. Sajini alikuja pia, bila kualikwa, kasimama karibu na geti. Dada akatoka, akakaa kwenye ngazi ileile. Hatukuwa tumesalimiana.

"Kabla hujamwita mbwa," akaniambia, bila kunitazama, "mweleze mzee."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaeleza. Kuna mambo mawili magumu duniani, kusema neno baya mbele ya dada yako, na kulisema mara ya pili mbele ya watu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akautazama mwavuli wake, akauegemeza ukutani mbali.

"Kwa hiyo," akasema, "sindano nilikuwa naiagizia asiyehusika."

Sajini alikohoa, au alicheka, sikujua.

Mzee akataka kuona hata hivyo. Wajukuu ni wajukuu. Bobini akakaa. Akalala. Akasubiri mzee akamzunguka mara mbili. Nikaenda mwisho wa ua nikasema, "Karibu," kwa sauti ya chini, akaja, akakaa mbele yangu. Kisha Sajini akauchukua mwavuli ukutani, akaushika kiunoni, akasimama katikati ya njia. "Tena," akasema.

Nikaita. Bobini aliuona. Masikio yakalala, tumbo likashuka. Nilijua nikipaza sauti nimempoteza. Nikachutama, nikafungua viganja vyote viwili vitupu, nikasema, "Karibu, bwana." Alikuja kwa kutambaa, akiupita mwavuli kwa mbali, anatetemeka mwili mzima, lakini alikuja. Akaingiza kichwa kwapani kwangu akakificha humo. Hakuna kitu nilichowahi kupewa ambacho sikustahili kama kile.

Mwenye nyumba akasema basi, inatosha, mbwa abaki.

Tukadhani yamekwisha. Dada, pale ngazini, akanyoosha mkono wake wa kulia, ule uliopinda, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Bobini, njoo."

Neno lenyewe. Nikataka kumkataza, kwamba neno hilo limeharibika. Bobini alichomoka kwapani kwangu akaenda mbio moja kwa moja, mkia unampiga ubavuni, akakiweka kidevu chake juu ya kile kifundo. Kwake halikuwa limeharibika hata kidogo. Kinywani mwangu tu.

Dada alimkumbatia akamwambia mambo mengi sikioni. Sikuyasikia, na hayakuwa yangu kuyasikia.

Jumatano, 30 Aprili

Dada haongei nami ila kazi. "Pasi." "Mkasi." "Mteja." Nami najibu vizuri.

Jumapili, 4 Mei

Nimepika. Amekula. Amesema chumvi ndogo.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua zimekwisha. Sajini amesema darasa limekwisha pia, daftari ni langu, nilifanyie nitakalo.

Nimerudi kutoka uwanjani nikasikia kutoka chumba cha mbele, "Wewe, njoo." Nilitaka kujibu nakuja nikapitilize uani. Nikaenda.

Dada alikuwa ameweka viti viwili dirishani. Juu ya kimoja kitambaa cheusi, sindano, uzi wa hariri. Akanionyesha kiti.

"Kaa," akasema. Kisha akasikia alivyosema, na ukingo wa mdomo ukamcheza, akauzuia. "Mkono wangu haurudi wote. Nimeshajua. Haya matundu sitaki yafe na mimi. Utajifunza."

"Dada, mikono yangu ni mizito."

"Ndiyo. Itakuchukua miaka. Hujanilipa, usije ukafikiri hivyo, hakuna malipo ya hili. Kaa tu ushone."

Nikashona. Tundu langu la kwanza lilinichukua karibu saa nzima, na jasho. Bobini alikuja akajilaza chini, mgongo juu ya mguu wangu. Nikamkabidhi dada kitambaa. Akakipeleka kwenye mwanga, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele.

Akachukua wembe.

Nilihisi mgongo wa Bobini ukikakamaa juu ya mguu wangu. Akainua kichwa, akautazama wembe, akanitazama mimi. Dada akakata uzi wa kwanza, akauvuta, akakata wa pili. Niliweka mikono yangu juu ya meza, wazi, mahali anapoweza kuiona, nikalegeza meno.

"Anza tena," dada akasema, akanirudishia kitambaa.

Nikatunga uzi. Bobini alisubiri kidogo, kisha akarudisha kichwa chini akalala.